Maswali ya Wasomaji: Moon Lovers na Wana wa Mfalme wa Goryeo

Maswali ya toleo hili yote yanahusu Moon Lovers: Scarlet Heart Ryeo, tamthilia ya Kikorea ya mwaka 2016 yenye sehemu 20, iliyorushwa na kituo cha SBS. IU anaigiza Go Ha-jin, msichana wa leo anayezama ziwani jua likiwa limepatwa, kisha anazinduka katika mwili wa Hae Soo, binti wa enzi za Goryeo, dola la zamani la Korea, karne ya 10. Lee Joon-gi ni Wang So, mwana wa mfalme anayeficha kovu kwa kinyago. Ambaye hajaitazama ajue kwamba majibu yanataja vifo.

Nimefika sehemu ya 4 nikachoka. Ni vijana warembo wanataniana tu. Kuna haja ya kuendelea?

Ipo. Lalamiko lako lina haki, kwani sehemu tano za mwanzo ndizo dhaifu kuliko zote. Zimetengenezwa kama vichekesho vya shuleni, kamera inang'ang'ania nyuso hadi mtu anachoka, na baadhi ya waigizaji vijana bado hawajaivaa lugha ya ikulu. Kazi yote ilikuwa imesharekodiwa kabla ya kuanza kurushwa tarehe 29 Agosti 2016, kwa hiyo watazamaji walipolalamika, kilichobaki kurekebishwa ni uhariri tu.

Jipime na sehemu ya 10 na ya 11. Wang So anapewa chai yenye sumu mbele ya ukoo mzima, anajua ina sumu, na anaimaliza vikombe vitatu ili Hae Soo, aliyeimimina, asishikwe. Baadaye Hae Soo anapiga magoti kwenye mvua kumwombea Oh, mtumishi wa kike wa ikulu, asinyongwe. Wang Wook, mwana mwingine wa mfalme, yule aliyemwahidi ndoa, anamwona na kugeuza njia kwa sababu ya usalama wa ukoo wake. Wang So, mgonjwa bado wa sumu, ndiye anayesimama na kumkinga kwa joho lake. Hakuna hotuba ya mapenzi pale, ila kuanzia hapo mtazamaji anajua nani ni nani. Kama na hayo hayajakugusa, acha kwa amani.

Hae Soo anatoka karne ya 21 na anajua Wang So atakuwa mfalme Gwangjong muuaji. Kwa nini haitumii elimu hiyo?

Kwa sababu alichonacho ni kumbukumbu ya somo la historia la shuleni: jina la mfalme, sifa yake ya kumwaga damu, basi. Hana tarehe, hajui nani atasaliti lini, wala hajui mauaji yalianzaje. Hapo ndipo tamthilia hii inapozipita nyingi za aina yake. Katika hadithi nyingi za kusafiri kwenye muda, msafiri hushika ufunguo. Hapa ameshika habari nusu, na habari nusu inamtia hofu. Anamtazama mtu anayempenda huku akisubiri awe muuaji, na kila hofu hiyo inapojitokeza usoni, Wang So anaisoma kama kukataliwa, jambo alilokwisha kulipata kwa mama yake mzazi.

Kitu kimoja alichokuja nacho ambacho kinafanya kazi kweli ni ufundi wa vipodozi. Anachanganya rangi na kufunika kovu la Wang So ili aweze kuongoza tambiko la kuomba mvua, kazi asiyoruhusiwa mtu mwenye dosari mwilini. Mvua inanyesha, na njia ya kiti cha enzi inafunguka. Angalia ukali wa jambo hilo: aliyeogopa Gwangjong ndiye aliyemsafishia uso.

Udhaifu ni kwamba watunzi wanamsahaulisha asili yake. Zinapita sehemu nzima bila Hae Soo kufikiri kama mtu wa leo, halafu ghafla anakumbuka pale hadithi inapomhitaji akumbuke. Kanuni ya safari yenyewe haielezwi pia. Mtu wa mitaani anayekaa kando ya ziwa mwanzoni na Choi Ji-mong, mnajimu wa ikulu, wameigizwa na Kim Sung-kyun yuleyule. Ni kidokezo kizuri, ila kimeachwa kikining'inia.

Nawachanganya wana wa mfalme. Halafu ni kweli waliwaoa dada zao?

Dawa ni kuacha kuwahesabu wana na kuwashika akina mama. Chukua karatasi, andika watatu. Malkia wa ukoo wa Yu wa Chungju ndiye mama wa Wang Yo, Wang So na Wang Jung. Malkia wa ukoo wa Hwangbo ni mama wa Wang Wook na binti Yeon-hwa. Mrithi, Wang Mu, mama yake ni wa ukoo wa Oh wa Naju, ukoo usio na nguvu kama zile koo mbili. Ukishalijua hilo, kila njama inasomeka.

Sababu ni ya kihistoria. Baba yao, Taejo Wang Geon, aliasisi Goryeo mwaka 918, na ili kuwafunga wakuu wa mikoa upande wake alioa wake 29. Kila mtoto alizaliwa na jeshi la wajomba nyuma yake. Mfalme alipokufa mwaka 943, wajomba hao walianza kudai. Mu akatawala kama Hyejong hadi 945, Yo kama Jeongjong hadi 949, kisha So kama Gwangjong hadi 975.

Ndoa za ndugu wa baba mmoja ni kweli kabisa. Gwangjong alimwoa dada yake wa mama mwingine, malkia Daemok wa ukoo wa Hwangbo, ambaye kwenye tamthilia ndiye Yeon-hwa. Ilikuwa njia ya kuzuia mamlaka isitoke nje ya nyumba. Kovu ni la watunzi, na zebaki iliyotiwa kwenye maji ya kuoga ya Hyejong pia, kwani kumbukumbu zinasema aliugua.

Linalosikitisha ni kwamba utawala wa Gwangjong umepitishwa mbio. Huyu alitoa sheria ya mwaka 956 ya kukagua watumwa, ili waliotiwa utumwani isivyo halali warudi kuwa huru, na mwaka 958 akaanzisha mitihani ya kuajiri maofisa. Yote mawili yaliwapokonya wakuu nguvu kazi na vyeo, na ndiko chuki na mauaji vilikotoka. Tamthilia ingetumia sehemu mbili tu kwa hilo, ukali wa Wang So wa mwishoni ungekuwa na mizizi. Badala yake anaonekana amebadilika kwa sababu ya upweke.

Mbona nakala yangu haifanani na ya rafiki yangu?

Zipo mbili, ya SBS na ya kimataifa. Baadhi ya matukio na muziki vimehaririwa tofauti. Chagua moja uende nayo hadi mwisho.

Natazama iliyotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili. Nakosa nini?

Sauti ya mtafsiri ikifunika ya waigizaji, unakosa miito ya heshima, na katika tamthilia hii miito ni nusu ya mapenzi. Tafuta yenye maandishi chini ya picha, angalau kwa sehemu nne za mwisho, utege sikio kwa maneno mawili. Hwangjanim ni namna Hae Soo anavyomwita Wang So angali mwana wa mfalme. Pyeha ni mwito wa mtawala. Siku So anapokalia kiti, neno la kwanza linakufa mdomoni mwa Hae Soo, na wakiwa chumbani peke yao bado anasema pyeha. Kwenye tafsiri yote mawili hugeuka "mfalme", nawe huwezi kusikia mlango ukifungwa.