Kupimwa na wanafunzi ukiwa kwenye nusukaputi

SWALI: Dada yangu atatolewa uvimbe kwenye mfuko wa uzazi katika hospitali ya mafunzo hapa Kisumu. Je, wanafunzi wa udaktari wanaweza kumpima sehemu za siri akiwa amepigwa nusukaputi, bila yeye kujua? – Msomaji, Kondele

JIBU: Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinataka mgonjwa atoe idhini baada ya kuelezwa, isipokuwa katika hali kama za dharura, ambapo kuchelewa kunaweza kumuua au kumlemaza. Kumfundisha mwanafunzi si dharura. Na kwa kuwa upasuaji wa dada yako umepangwa mapema, sioni kisingizio chochote cha kutomuuliza angali macho. Nchini Marekani, serikali iliziagiza hospitali mwezi Aprili 2024 zipate idhini ya maandishi kabla ya vipimo vya aina hiyo.

Fomu ya idhini, ambayo mara nyingi huletwa dakika za mwisho mgonjwa akiwa tayari amevaa gauni la upasuaji, aiombe mapema, aisome yote, na akipenda aandike kwa mkono wake: “Sikubali kupimwa na wanafunzi.” Kukataa huko hakumnyimi haki ya kutibiwa.