Ndugu yako kakataa kuongezewa damu? Funga Biblia kwanza

Shangazi yangu wa Kiboriloni alikuwa anatokwa damu nyingi kila mwezi na hasemi, sisi tukajua ni umri tu, mpaka siku akadondoka sokoni Mbuyuni. Kufikishwa hospitali HB, yaani kiwango cha damu, ni 5, iko chini sana, ana mayoma (uvimbe kwenye kizazi), daktari anasema aongezewe damu ndo apasuliwe. Sasa shangazi ni Shahidi wa Yehova tangu mimi sijazaliwa, akatoa kile kikadi chao cha kukataa damu kwenye pochi, kimesainiwa kabisa, akasema hapana.

Mimi Mlutheri, ukoo mzima KKKT, nikajiona naijua Biblia. Nikamfungulia Matendo 15:29, pale panaposema mjiepushe na damu, palepale kitandani, nikamwambia mitume walikuwa wanaongelea kula, watu wa mataifa walikuwa wanakaa meza moja na Wayahudi, nani aliwaza mambo ya dripu? Akanijibu kwa kale kasauti ka mgonjwa: "Mwanangu, harusi ya kaka yako ulikunywa kisusio bakuli mbili. Hiyo ya kula yenyewe umeishika?" Wodi nzima ikacheka. (Kwa wasio Wachaga, kisusio ni supu ya mbuzi inayopikwa na damu yake.)

Dah, kanipata. Mstari ule ukiuchukua ulivyo sisi wa mlimani hatuufuati, wao wanaufuata mpaka mwisho: wanasema ukikatazwa pombe na daktari huwezi kujidunga hiyo pombe kwenye mshipa ukasema hujanywa. Bado sikubaliani nao, maana damu ya kuongezewa haisagwi tumboni ikawa chakula, inaendelea na kazi yake ya damu. Na Wayahudi, ambao hiyo Walawi 17 inayokataza kula damu ni yao, wanatia nyama chumvi kuitoa damu ila hospitalini wanaongezewa, kwao kuokoa uhai kunatangulia. Lakini hayo ni mabishano ya sebuleni mtu ana nguvu zake, sio mtu ana HB 5.

Aliyetuokoa ni binamu yangu. Yeye aliuliza maswali mawili tu. Kwa daktari: bila damu tunaweza kufanya nini? Kwa shangazi: unakataa nini na nini hasa? Hapo ndo nikajua kwao kinachokatazwa ni damu nzima, chembe nyekundu, nyeupe, chembe sahani (zile zinazogandisha damu) na plazma (maji ya damu), lakini vitu vidogo vinavyotolewa humo kama albumini, ambayo ni protini, kila mtu anaamua na dhamiri yake, hata ile mashine inayokusanya damu yako wakati wa opareshen na kukurudishia. Shangazi mwenyewe hiyo albumini alikuwa hajawahi kuifikiria! Kadi anatembea nayo miaka yote. Kwa hiyo kama una mtu wa hivyo nyumbani, kaeni leo akiwa mzima mjaze hayo, na nakala abaki nayo mtu anayepokea simu.

Kingine, mwombe daktari aongee naye peke yake, wazee wa kutaniko (viongozi wao wa dini) wakiwa nje na ninyi mkiwa nje. Tangu 2000 msimamo wao ni kwamba anayekubali damu kwa hiari na hajutii anahesabika amejitoa mwenyewe kwenye dini, na kujitoa maana yake ndugu zake wa imani wanajitenga naye, kwa hiyo jibu analotoa mbele ya watu linaweza lisiwe la moyoni. Shangazi aliulizwa peke yake, akasema hapana ileile. Basi tukanyamaza.

Akapewa dawa ya kuzuia damu isitoke, dripu ya madini chuma na sindano za kuchochea mwili utengeneze damu, tukasubiri wiki kadhaa mpaka HB ikapanda ndo akapasuliwa. Nisikudanganye, ilikuwa ni kwa sababu damu ilikubali kusimama, mama anayevuja baada ya kujifungua au mtu wa ajali ya bodaboda hizo wiki hana.

Na sindano zile sio bei rahisi, ilibidi mama auze mbuzi wawili. Mmoja alikuwa wa kisusio cha Pasaka. Shangazi alivyoambiwa alicheka mpaka akashika mshono.