Seti ya patasi nane za kukerezea: zipi zitakaa bure?

Mkuu, umeuliza kama ununue seti nzima ya patasi za kukerezea, yaani za kuchonga mti unaozunguka kwenye mashine, au moja moja. Nunua moja moja. Kwa miguu ya vitanda na stuli, utashika kila siku bobari (patasi yenye makali yaliyopinda kama mfereji) pana ya kuondoa pembe za mti, bobari nyembamba ya kuchonga mabonde, na patasi nyembamba ya kukatia. Zile za kukwangua zenye ncha ya pembetatu hulala kwenye droo.

Inayonisikitisha ni patasi ya mshazari, yaani yenye makali yaliyokatwa kwa kuinama. Mafundi wengi wanayo, wachache wanaigusa, maana ncha yake ya juu ikigusa mti unaozunguka inang'ata na kuharibu kazi. Lakini ukiegemeza bapa lake, ule mteremko ulionolewa nyuma ya makali, kwenye mti na kukatia nusu ya chini ya makali, mninga unatoka laini, msasa kidogo tu. Jizoeze kwanza na msonobari.

Halafu, bobari pana usiitumie kukerezea bakuli! Shina lake linaloingia kwenye mpini ni jembamba, linaweza kukatika.

Hela itakayobaki nunulia jiwe zuri la kunolea, hasa kama utagusa mpingo, unamaliza makali upesi mno.