Beverley ya Southend iliishia wapi, na kipimo cha babu nikitunze vipi?

SWALI: Marehemu babu yangu alikuwa mpakiaji mizigo katika uwanja wa ndege wa kijeshi wa Eastleigh, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ameacha picha za ndege kubwa ya mizigo aina ya Blackburn Beverley, ila namba zake zimefifia. Ameacha pia kipimo kimoja cha duara cha ndege, ambacho nyuma kimepigwa alama ya taji, herufi A.M. na namba inayoanza na 6A/. Nimesoma kwamba Beverley moja ilikuwa katika makumbusho ya Southend, Uingereza, na kwamba makumbusho hayo yalifungwa na ndege ikakatwa. Yawezekana ndiyo aliyokuwa akiipakia babu? Kwa nini ikatwe badala ya kuhamishwa? Na hicho kipimo nikitunze vipi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Nianze na kipimo, maana hicho hakisubiri. Usikifungue. Usikwangue rangi ya namba wala mishale, hata kama haing'ai tena gizani. Vipimo vingi vya ndege za Kiingereza vya enzi hizo vilipakwa rangi yenye radiamu. Kinachokufa baada ya miaka ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua nusu tu katika miaka 1,600, kwa hiyo kipimo kilichozimika kinaweza kuwa na mionzi karibu ileile kiliyokuwa nayo babu alipokipata.

Kioo kikiwa kizima, hatari kubwa imefungiwa ndani. Kitie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, kisha mfuko wa pili, uandike juu yake kilichomo, na ukiweke mahali penye hewa ya kutosha na mbali na watoto. Chumba cha kulala hakifai, kwa sababu radiamu hutoa gesi ya radoni, nayo hujikusanya kwenye boksi au kabati lililofungwa. Kioo kikiwa na ufa, vaa glavu, futa vumbi kwa karatasi laini iliyoloweshwa na uitie karatasi hiyo kwenye mfuko uleule. Usifagie wala kupuliza, kwani chembe ya rangi ikiingia mapafuni ndipo madhara yanapoanza. Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, KNRA, ndiyo yenye dhamana ya mambo haya, na ina vifaa vya kupima mionzi. Kwa wasomaji wa Tanzania, ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Usikitume kwa posta kabla hakijapimwa.

Alama za nyuma zinasema mambo mawili. Taji na A.M. ni za Wizara ya Anga ya Uingereza, iliyoingizwa katika Wizara ya Ulinzi mwaka 1964, kwa hiyo kipimo ni cha kabla ya hapo na kinaafikiana na miaka ya babu. 6A ni fungu la stoo ambamo vifaa vya kupimia vya ndege viliorodheshwa. Tarakimu zinazofuata zinataja aina ya kipimo. Hazitaji ndege kilimotoka, maana kipimo kimoja kiliweza kufungwa kwenye ndege za aina nyingi na kuhamishwa kila kilipotengenezwa. Muuzaji atakayekuambia kwamba namba ya 6A inathibitisha kitu kimetoka ndege fulani, usimwamini.

Sasa picha. Zilitengenezwa Beverley 49 tu: mbili za mwanzo, WF320 na WZ889, na 47 za jeshi. Hizo 47 zilipewa namba XB259 hadi XB269, XB283 hadi XB291, XH116 hadi XH124, XL130 hadi XL132, XL148 hadi XL152, na XM103 hadi XM112. Uchache huo unakusaidia sana. Ukiweza kusoma herufi ya pili na tarakimu ya mwisho, mara nyingi umemaliza kazi. Katika kundi la XH na la XM hakuna namba mbili zenye tarakimu ya mwisho inayofanana, kwa hiyo H na 4, kwa mfano, ni XH124 tu. Kwa XL, ukiona 8 au 9 mwishoni inatosha, lakini 0, 1 na 2 zinajirudia, hivyo tafuta kama tarakimu ya katikati ni 3 au 5. Kwa XB ni lazima upate tarakimu mbili za mwisho.

Namba ilipakwa kwa herufi kubwa chini ya mabawa, upande mmoja ikisomeka kutoka mbele na mwingine kutoka nyuma, kwa hiyo geuza picha kabla hujakata tamaa. Ubavuni iliandikwa kwa herufi ndogo zaidi. Skani picha kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, uhifadhi kama TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha), na negativu kwa 2400. Usipige picha ya picha kwa simu chini ya taa: mng'ao wa karatasi hufuta hasa ile alama hafifu unayoitafuta. Picha zikiwa zimeganda kwenye albamu yenye gundi, zipige skani zikiwa humo humo. Kuzibandua kwa nguvu huchana tabaka la picha.

Je, yaweza kuwa ile ya Southend? Sidhani. Ile ilikuwa XB261, na sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa kazi za majaribio Uingereza. Ndege za Eastleigh zilikuwa za Kikosi namba 30, kilichohamia Nairobi mwaka 1959 na kuondoka kwenda Bahrain mwaka 1964. Hizo ndizo zilizodondosha chakula katika mafuriko makubwa ya 1961. Uwanja wenyewe leo ni kambi ya jeshi la anga la Kenya, Moi Air Base.

Makumbusho ya Southend, yaliyoitwa Historic Aircraft Museum, yalifunguliwa mwaka 1972 kando ya uwanja wa ndege wa mji huo, karibu na mdomo wa mto Thames. XB261 ilikuwa imeshatua hapo mwaka 1971 kwa injini zake yenyewe. Jirani zake walikuwa pamoja na CASA 2.111, yaani Heinkel, ndege ya mabomu ya Kijerumani, iliyoundwa Hispania, na Avro Lincoln namba RF342. Lincoln ni jina lenye uzito kwa Mkenya, kwa kuwa ndege za aina hiyo ziliruka kutoka Eastleigh kupiga mabomu misitu ya Aberdare na Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Makumbusho yalifungwa mwanzoni mwa 1983 na mkusanyiko ukapigwa mnada Mei mwaka huohuo. Lincoln ikafunguliwa vipande na hatimaye ikafika Australia. Beverley ikabaki nje hadi ilipokatwa mwaka 1989. Kipande cha chumba cha rubani kikanusurika, na kiko kwenye makumbusho ya ndege ya Newark.

Tofauti ya hatima hizo mbili ni ya kiufundi kuliko watu wanavyodhani. Kampuni ya Avro iliiunda Lincoln kwa desturi ileile ya Lancaster, ndege yake ya mabomu ya Vita Vikuu vya Pili: vipande vilivyotengenezwa karakana mbalimbali, vikasafirishwa kwa barabara na kuunganishwa mwishoni. Viungo vya kusafirishia vimo tangu kiwandani. Beverley nayo ina viungo, lakini kila kipande chake ni kikubwa mno. Mabawa yana upana wa mita 49.4 kutoka ncha hadi ncha na eneo la mita za mraba 271, mkia uko juu karibu mita 12, na ikiwa tupu ndege ina uzito wa takriban tani 36. Kwa kulinganisha, kontena la futi 40 lina upana wa ndani wa mita 2.35. Ndege ndogo ya kivita ikiondolewa mabawa huingia humo. Beverley hudai trela maalumu, kibali cha barabara kwa kila safari, na kreni zaidi ya moja.

Kazi ya kuifungua ndege ya ukubwa huo ina mpangilio ambao ukivunjwa huleta maafa. Kwanza hutolewa mafuta, oili na maji ya haidroliki, shinikizo kwenye matangi yake linaachiliwa, na mitungi ya oksijeni na ya kuzimia moto inaondolewa. Kila bomba na waya hupewa kibandiko pande zote mbili za mkato, na hupigwa picha kabla ya kufunguliwa. Kisha propela, halafu injini. Hapa ndipo wengi huumia. Injini nne za Bristol Centaurus za silinda 18, kila moja zaidi ya tani, ziko mbele ya kitovu cha uzito. Ukizitoa bila kuweka nguzo chini ya mkia au uzito puani, ndege hukaa kitako na kuvunja kiunzi cha nyuma. Baada ya injini ndipo hufuata usukani wa mkia, mapezi yake mawili, mabawa ya nje, na mwisho kipande cha katikati.

Pini za kuunganisha bawa ndizo zinazochosha. Zimeingia kwa kubana, ni za chuma ndani ya aluminiamu, na baada ya miaka kumi ya mvua zimeshikana. Anza kupaka oili ya kupenya wiki kadhaa kabla. Usitumie moto: aleo (mchanganyiko wa metali) ya aluminiamu ya ndege hupata nguvu zake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani, na joto la tochi huifanya laini bila alama yoyote kuonekana nje. Usipige pini moja kwa moja kwa nyundo, maana kichwa chake hupanuka na haitatoka tena. Beba uzito wa bawa kwa kreni yenye mizani ya kuonyesha mzigo, upandishe kidogo kidogo hadi pini isibebe kitu upande wowote, ndipo uivute kwa mashine ya haidroliki. Mtu akikuambia pini imegoma, mara nyingi ni kreni iliyoinuliwa mno au pungufu.

Na kabla ya yote hayo lazima kujua kama bawa linaweza kubebwa. Bati la ndege la miaka ile ni aluminiamu yenye shaba kama asilimia 4, iliyofunikwa kwa utando mwembamba wa aluminiamu safi. Utando hulinda uso, lakini kwenye kingo na matundu ya ribiti (misumari ya kushikiza bati) metali ya ndani iko wazi. Chumvi ya bahari ikifika hapo pamoja na unyevu, kutu huingia kati ya matabaka na kuyafumua kama kurasa za kitabu kilicholoa. Nje utaona rangi imevimba na unga mweupe tu. Mhimili mkuu wa bawa ukiwa katika hali hiyo, hakuna mhandisi atakayesaini karatasi ya kuuinua. Matundu ya kutolea maji yaliyozibwa na viota vya ndege ndiyo chanzo cha kawaida kabisa, na kuyazibua ni kazi ya waya na nusu saa. Naumia kila ninapoliona hilo limeachwa.

Kwa hiyo ndege kubwa inayokaa nje kwenye makumbusho yanayoyumba ina saa inayokwenda. Si za watu binafsi peke yake zilizokwisha hivyo. XH124, iliyotua Hendon mwaka 1968, ilikuwa mali ya makumbusho ya taifa ya jeshi la anga, na nayo ilikatwa 1990. Kwa upande mwingine, XB259, ya kwanza kati ya zile 47, imehamishwa kwa barabara mara tatu. Iliruka mara ya mwisho 1974 kwenda Paull karibu na Hull, ikapelekwa Museum of Army Transport katika mji wa Beverley, makumbusho hayo yakafungwa 2003, ikarudi Paull kwenye ngome ya Fort Paull, nayo ikafungwa 2020. Sasa iko Carlisle, kwenye Solway Aviation Museum. Ndiyo Beverley nzima pekee iliyobaki duniani. Inawezekana, basi, ila anayelipa awe amepatikana wakati pini bado zinatoka.

Pale ambapo haiwezekani, kukata kwa utaratibu ni bora kuliko kumwachia mnunuzi wa chuma chakavu. Toboa ribiti kwenye kiungo cha kiwandani, nyuma ya fremu kamili, na chumba cha rubani kitasimama chenyewe. Pamoja na kile cha XB261, kipo pia cha XL149 kwenye makumbusho ya ndege ya Doncaster.

Ukishapata namba kwenye picha zako, hatua inayofuata ni karatasi. Kadi za mwendo wa kila ndege, zinazoitwa Form 78, ziko RAF Museum, yale makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza. Taja namba ya ndege unapoandika. Daftari za shughuli za Kikosi namba 30 ziko National Archives, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, Kew, London, katika mfululizo wa AIR 27, na za vituo, pamoja na Eastleigh, katika AIR 28. Omba kurasa za Form 541, na pia za Form 540, ambazo ni muhtasari wa shughuli. Za 541 ndizo zinazoorodhesha safari pamoja na namba ya ndege, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa nyuma ya picha ya babu inaweza kukupa hata mahali ndege ile ilikokuwa ikielekea. Majina ya wapakiaji raia usiyatarajie humo. Hayo yatafute kwenye vyeti vyake vya kazi na vitambulisho vya kuingilia kambini, kama familia bado inavyo.