Nyumba ya likizo kijiji cha pwani Italia: uliza ngazi kabla ya kuuliza mandhari

Mkuu, umeuliza kama inafaa kukodi nyumba wiki nzima kwenye kijiji cha pwani Italia badala ya hoteli, ukiwa na mke, watoto wawili na mama mzazi. Mimi nilifanya hivyo Juni 2023 nikitokea Ujerumani ninakoishi, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Tulichukua nyumba Corniglia, kimoja kati ya vile vijiji vitano vya Cinque Terre. Picha zilikuwa nzuri mno: kibaraza, mizabibu, bahari chini. Nikabuku usiku uleule. Nisichokijua ni kwamba Corniglia ndicho kijiji pekee kati ya vitano ambacho hakijakaa ufukweni. Kiko juu ya jabali, kama mita 100 juu ya bahari, na stesheni ya treni iko chini kabisa. Katikati kuna ngazi inayoitwa Lardarina, vidato zaidi ya 370, inapinda huku na huku kama nyoka. Tulifika jioni tukiwa na masanduku mawili ya magurudumu, na magurudumu kwenye ngazi ni mzigo tu. Nilipandisha la kwanza, nikashuka, nikapandisha la pili. Mama watoto aliketi kwenye kona na mtoto aliyelala begani, hasemi neno, na ukimya wake naujua. Kesho yake ndipo nikaona kuna kibasi kinachopandisha watu kutoka stesheni.

Kwa hiyo ukiwa na mama mzee, swali la kwanza kwa mwenye nyumba liwe: kutoka stesheni hadi mlangoni kuna ngazi ngapi, na ndani ya jengo je? Akisema "primo piano" ujue si chini, ni ghorofa moja juu. Usimwulize kama ni mbali. Atakujibu dakika tano, na hatadanganya, kwa miguu yake ni dakika tano kweli.

Jambo la pili ni umeme. Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa umeme wa kilowati 3 tu, ukizidisha unajikata. Siku ya pili mke wangu aliwasha oveni, mimi nikachemsha maji ya chai kwenye birika la umeme, mashine ya kufulia nayo inazunguka. Giza. Tulikaa nusu saa tukidhani mtaa mzima umekatika, kama tulivyozoea nyumbani, kumbe majirani wanakula kwenye taa. Mita ilikuwa kwenye boksi mlangoni pa jengo, ghorofa tatu chini. Unainua swichi, umeme unarudi. Nilishuka mara nne wiki ile. Baadaye tukaiacha birika, chai tukachemshia kwenye jiko la gesi.

Pesa: tulilipa yuro 1,190 kwa usiku saba, na jikoni ndimo tulimookoa, kwa sababu watu wanne kula nje kila siku huko utalia. Asubuhi mkate wa focaccia wa moto dukani, jioni tambi na pesto, mchuzi wa majani ya basil, ambao kwao ni Liguria, mkoa wenye vijiji hivi. Kilichoniudhi ni ada ya usafi. Kwenye tangazo haikuonekana, siku ya kuondoka msimamizi akaidai taslimu. Nililipa kwa sababu treni ilikuwa inakaribia. Wewe iulize mapema, kwa maandishi. Kodi ya mgeni, wanayoiita tassa di soggiorno, hiyo ni halali, inakwenda halmashauri, huhesabiwa kwa kichwa na kwa usiku.

Ukiombwa pasipoti usikasirike. Mimi nilikasirika, nikadhani ni ngozi yetu. Kumbe sheria inamtaka kila mwenye nyumba apeleke majina ya wageni polisi ndani ya saa 24, awe Mswidi au Msukuma.

Matapeli wapo. Tangu mwanzoni mwa 2025 kila nyumba ya kukodisha kwa muda mfupi lazima iwe na namba ya taifa, CIN, na ionekane kwenye tangazo. Hakuna namba, pita. Mtu akitaka umtumie pesa benki nje ya tovuti uliyobukia, pita haraka zaidi. Na kwa kuwa unatokea Dar, utahitaji viza ya Schengen, ambayo inadai uthibitisho wa malazi: chukua nyumba unayoweza kuifuta bila kukatwa, yenye anwani kamili na majina yenu wote, si lako peke yako.

Kuogelea, usitegemee Corniglia. Tulikuwa tunapanda treni hadi Monterosso, ambako kuna mchanga. Sehemu kubwa ina miavuli ya kulipia, ila kuna vipande vya bure, wanaviita spiaggia libera, na ukichelewa utakuta taulo zimeshajaa. Katikati ya Agosti usiende kabisa, maana Italia nzima iko likizo. Juni mwanzoni au Septemba.

Mwaka huu tumebuku Levanto, kituo kinachofuata baada ya Monterosso. Hakuna mizabibu wala kibaraza, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Ghorofa ya chini, na mama watoto ndiye aliyeichagua.