Maswali ya Wasomaji: Mama Mwenye Ndevu

SWALI: Naandika riwaya kuhusu familia ya Wahindi wenye duka hapa Tanga. Kila anayesoma muswada ananiambia hawa ni Wahindi wa filamu tu. Nimetia sari, nimetia "namaste", na kijana wao nimempa kurasa tatu za kulia kwamba hajui yeye ni wa wapi. Nakosea wapi? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Kosa linaanza pale ulipoandika "Wahindi" ukaishia hapo. Amua kwanza ni jumuiya gani, maana ndiyo itakayokupa lugha ya nyumbani, majina, ibada na sikukuu. Waismailia huenda jamatkhana, yaani nyumba yao ya ibada, husalimiana "Ya Ali Madad", na wengi wao nyumbani wamezoea Kikachi au Kigujarati. Mabohora wana msikiti wao. Magoa ni Wakatoliki, na majina yao ya ukoo mengi ni ya Kireno. Kalasinga ni Mpunjabi. Ukishachagua, huenda "namaste" yako yote ikafutika.

Kile kilio cha kurasa tatu nacho kifute. Mchanganyiko wa watu hawa usikie kwenye kuitana. Kwa Kigujarati, kaka ni ndugu wa kiume wa baba, dada ni babu mzaa baba, na mama ni mjomba. Mtoto wa nyumba hiyo akivuka kizingiti kwenda kucheza na wenzake, maneno hayohayo matatu yanageuka watu wengine kabisa. Basi andika: "Mama alikuwa barazani, ananyoa ndevu." Usieleze. Msomaji atashtuka, atacheka, na tayari atakuwa ameingia ndani ya nyumba. Ukiweka tafsiri kwenye mabano unamtoa nje tena. Sisi tunapendekeza neno geni lifafanuliwe kwa tendo linapotokea mara ya kwanza, kisha liachwe litembee lenyewe; na sura ya kwanza isibebe zaidi ya manne. Chapati, achari, laki na bima usiziandike kwa herufi za mlazo. Hayo ni maneno ya Kiswahili siku nyingi, ingawa asili yake ni Bara Hindi.

Jihadhari pia na kuazima desturi. Mwandishi Jhumpa Lahiri aliijenga riwaya yake The Namesake (2003) juu ya mazoea ya Wabengali ya kumpa mtoto jina la nyumbani na jina jingine la kutokea nje. Ni ya Wabengali. Usimvike nayo Mgujarati wa Tanga. Kwa mfano wa karibu, soma riwaya The Gunny Sack ya M.G. Vassanji (1989). Ukoo unaosimuliwa humo unaanza na mfanyabiashara kutoka Gujarati aliyezaa na mtumwa wa Kiafrika, Bibi Taratibu. Damu imechanganyika tangu kizazi cha kwanza, kabla hajatokea mtu wa kupanda ndege.

Hadithi yako ikirudi enzi za Mjerumani, angalia sarafu za dukani: rupia moja ilikuwa pesa 64, na kuanzia 1904 ikawa heller 100. Na usiiruke Novemba 1914. Waingereza walileta askari wa Kihindi kuishambulia Tanga, wakashindwa. Mwenye duka wako yuko chini ya Mjerumani, na wanaokuja kumpiga huyo Mjerumani wametoka nchi ya baba yake. Afunge duka au afungue? Sura hiyo tungeisoma kwa hamu kuliko machozi ya kijana.

SWALI: Mhusika wangu wa Bagamoyo ana duka la chumba kimoja na hulala humohumo nyuma. Ananyang'anywa nyumba hiyo mwaka 1971 na kuhamia Kanada. Inakubalika? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Inategemea nyumba yenyewe. Sheria ya Aprili 1971 ilitaifisha majengo yaliyopangishwa, yote au sehemu yake, yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Umemweka kwenye duka la chumba kimoja na analala humohumo nyuma. Hilo halimo. Mpe ghorofa yenye wapangaji, au mtafutie sababu nyingine ya kuondoka.