Re: Malazi Cape Breton mwezi wa kumi

Dada, nimekuelewa: mko wanne kutoka Dar, mnataka kuzunguka kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia, Kanada, wiki ya pili ya Oktoba. Viza haijatoka, na mwenye nyumba anataka umtumie pesa yote sasa hivi.

Usitume. Muombe kwanza namba ya usajili. Nova Scotia, nyumba za kupangisha wageni kwa muda mfupi lazima zisajiliwe, na namba ionekane kwenye tangazo. Akianza kuzungusha maneno, achana naye. Lipa kwa kadi, ndani ya tovuti yenyewe yenye tangazo. Pesa uliyomtumia mtu moja kwa moja kuirudisha ni kazi kwelikweli.

Wiki hiyo ni ngumu. Majani yanabadilika rangi, Kanada wana sikukuu ya Shukrani Jumatatu ya pili ya Oktoba, na tamasha la muziki la Celtic Colours huwa karibu na siku hizo. Vyumba vya Baddeck na Ingonish, vijiji vya huko, huisha mapema. Vikikosekana, tazameni Sydney ya hapo hapo Cape Breton (si ya Australia), mji mkubwa wenye hoteli zaidi. Ila barabara ya Cabot Trail, ile ya kuzunguka kaskazini mwa kisiwa, ni karibu kilomita 300 na giza likiingia kuna wanyama wakubwa wa porini, wanaitwa moose, wanaovuka ovyo. Mimi ningegawa: usiku mmoja Chéticamp, kijiji kingine cha barabara hiyo, mwingine Ingonish.

Bei ya tangazo ongezea kodi ya asilimia 14.

Na kwa kuwa viza bado, chagueni chumba kinachofutika bure, mkiandika pembeni tarehe ya mwisho ya kufuta. Maswali ya viza yenyewe mpelekee wakili au mshauri mwenye leseni ya Kanada, si wakala wa mtaani.